Kofia ya mvua ya kupandia Machame mwezi wa 4, ninunue ipi?

Mlowo_wa_Moro:
Wakuu habari za saa hizi. Mimi na wenzangu watano tunapanda Kili mwezi wa 4 kwa njia ya Machame, tunajua ni masika ila likizo zetu zimeangukia hapo hakuna namna. Koti ninalo zuri, viatu ninavyo, kinachoninyima raha ni kofia. Mwaka jana tulipanda Morningside pale Morogoro mvua ikatukuta katikati, nilivaa pama ya kitambaa cha pamba, dakika kumi tu imelowa imekuwa nzito, ukingo umeanguka mbele ya macho, maji yanapita shingoni mpaka mgongoni, na mimi navaa miwani kwa hiyo njia nzima nilikuwa nafuata visigino vya aliye mbele yangu. Sasa nimeona dukani pama isiyopitisha maji lakini bei imechangamka, na wengine wananiambia kofia ya koti inatosha. Aliyetembea kwenye mvua ya kweli anisaidie.

Kambi_ya_Pili:
Karibu Moshi mkuu. Nimebeba mizigo kabla sijaanza kuongoza wageni, hiyo njia naijua. Siku ya kwanza ni msitu mtupu, geti liko kama mita 1,800 na kambi karibu 3,000, mvua inashuka wima na hata ikikatika miti inaendelea kudondosha. Hapo pama ni nzuri sana, kofia ya koti unaiacha nyuma, kichwa kinapata hewa, unawasikia wapagazi wanaoomba njia. Ila ukishatoka msituni kwenda kambi ya Shira upepo unaanza, na siku ya kupita Lava Tower uko kwenye mita 4,600, pama bila kamba ya kidevuni utaiaga. Halafu kuna begi, likiwa refu linagusa ukingo wa nyuma, kila ukiinua uso kofia inasukumwa machoni, hili watu hawaligundui dukani kwa sababu wanajaribu kofia bila begi.

Kwa mwenye miwani mi nasema chukua kapelo yenye mdomo mgumu, kitambaa cha michezo SIO pamba, ivae ndani ya kofia ya koti halafu kaza kamba. Mdomo unazuia matone yasifike kwenye vioo na ukigeuza shingo kofia ya koti inageuka na wewe. Usiku wa kileleni hivyo vyote weka pembeni, unahitaji mzula mzito, na huo uufunge kwenye mfuko usioingiza maji tangu getini usiufungue mpaka siku hiyo.

Boshori254:
Nakubaliana na huyo wa juu ila niongeze kitu. Mimi huwa napanda Elephant Hill huku Aberdare, ni mianzi na matope na mvua haina ratiba. Nilinunua kofia ya Gore-Tex, kile kitambaa kinachozuia mvua huku kikitoa mvuke wa jasho, mara ya kwanza nikafika juu nywele zimelowa chepe nikaamini nimeuziwa feki. Nikarudi nyumbani nikaijaza maji nikaining'iniza bafuni usiku kucha, hakuna hata tone lililopita. Kumbe lilikuwa jasho! Ukipanda kwa kasi kwenye msitu wenye unyevu hakuna kitambaa kitakachotoa mvuke wote huo, kwa hivyo punguza mwendo na uivue kofia mvua ikipungua. Pia ukiona maji hayatengenezi tena matone juu ya kitambaa, yanasambaa tu na kuingia, ifue kwa sabuni laini, suuza vizuri, na usitie kabisa dawa ya kulainisha nguo, hiyo inaharibu.

Fungua_Belo:
Kama hela ni shida njoo mitumba, mi nauza. Kofia nzuri za mvua zinapatikana ila igeuze ndani nje kwanza. Sugua bitana kwa kidole gumba, ikitoa unga au vipande kama ngozi inayobambuka, au inanatanata, achana nayo hata kama nje inang'aa, hiyo haizuii maji tena. Kisha angalia mishono, ile nzuri imebandikwa utepe juu ya mshono wote, utepe ukiwa umeinuka maji yatapitia hapo hapo katikati ya utosi. Omba maji ya chupa umwagie, muuzaji mkweli hakatai.

Mlowo_wa_Moro:
Asanteni sana aisee, hilo la begi sikuwahi kuliwaza, na nikikumbuka Morogoro ndicho kilichonitokea. Basi naenda na kapelo, pama nitatafuta mtumba kwa ajili ya siku ya msituni. Swali dogo tu, nikivaa kapelo kofia ya koti inanibana nikitazama juu, ni kawaida?

Kambi_ya_Pili:
Hapana, hiyo ni ndogo. Vaa mzula, funga zipu mpaka kidevuni, beba begi, kisha tazama juu na geuka kulia kushoto. Ikikuvuta koo au ikikufunika jicho moja, tafuta koti lingine mapema, Moshi yanakodishwa.