Mjadala: Je, ilikuwa haki kuwanyang'anya madiwani mamlaka juu ya ardhi ya gati za London?

Mwanauchumi: Ndugu zangu, naomba tujadili swali moja tu. Gati za West India katika Isle of Dogs, kisiwa kilichopo mashariki mwa London, zilifunguliwa mwaka 1802 kwa ajili ya sukari na ramu ya Karibi, zikafungwa mwaka 1980 baada ya meli za makontena kuhamia bandari ya Tilbury. Mwaka uliofuata serikali ya Thatcher, kupitia waziri Michael Heseltine, iliunda LDDC, shirika la kuendeleza eneo la gati, na kulikabidhi mamlaka ya mipango miji yaliyokuwa ya halmashauri za Tower Hamlets, Newham na Southwark. Naona uamuzi huo ulikuwa wa lazima, kwa sababu halmashauri zilibishana huku maghala yakiota magugu, na pale palikuwa jangwa lisilo na watu. Leo panaitwa Canary Wharf, pana minara ya mabenki na ajira zaidi ya laki moja. Mwenye hoja ya kupinga aitoe.

Mama Zuhura: Bwana Mwanauchumi, habari za Heseltine nitaziacha kwanza. Nilipoletwa Poplar, mtaa ulio jirani na gati hizo, nikiwa bi harusi, jirani yangu alikuwa mjane wa kuli wa gatini, na yeye ndiye aliyenionyesha zahanati, shule na duka la kununulia unga. Watu wale walipigwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1940, wakajenga upya, wakaendelea kupakua shehena mpaka meli ya mwisho ilipoondoka. Wewe unawaita jangwa?

Bin Seif: Namuunga mkono Mama. Mwaka 1970, gati zikiwa bado zinafanya kazi, wakazi walifunga barabara za kuingilia kisiwani na kujitangazia uhuru kutoka kwa Uingereza, kiongozi wao akiwa diwani Ted Johns, kwa sababu walichoshwa na uhaba wa mabasi na shule. Jangwa lililojitangazia uhuru sijapata kulisoma popote.

Mwanauchumi: Uhuru huo ulikuwa kichekesho cha siku chache, Bin Seif, nawe unalijua hilo. Nilizungumzia ardhi ya bandarini iliyokuwa tupu; sikuzungumzia nyumba za watu, na anayetaka kukasirika hakosi sababu. Tafadhali turudi kwenye swali: bila LDDC, nani angeleta treni nyepesi ya DLR mwaka 1987?

Kijana wa Ilford: Mbona mnawasahau wazee wetu? Nakumbuka kusoma kwamba pembe za ndovu kutoka Zanzibar zilihifadhiwa West India, na kwamba sanamu ya mwanzilishi wa gati hizo, aliyekuwa na watumwa, iling'olewa miaka michache iliyopita. Kwa hiyo pale pana jasho letu pia, na tunastahili kuhesabiwa kuwa wenyeji.

Bin Seif: Kijana, umechanganya maghala. Pembe zilihifadhiwa upande wa St Katharine, karibu na Tower Bridge, ambako jengo liitwalo Ivory House lipo hadi leo. Kuhusu sanamu umesema kweli: ni ya Robert Milligan, iliyoondolewa Juni 2020. Hata hivyo, mashamba yake ya miwa na watumwa wake walikuwa Jamaica, kwa hiyo anayetaka kudai jasho katika gati zile apange foleni nyuma ya Wajamaika.

Fundi Kombo: Mimi nimekwazwa na hizo ajira laki moja. Kuli aliyeachishwa kazi akiwa na umri wa miaka hamsini hakuamka siku moja akawa dalali wa hisa. Mabenki yalihamia na watu wao, na wakazi wa jirani wakapewa ufagio na ulinzi wa usiku. Nimesafisha ghorofa hizo usiku, kwa hiyo sisimulii hadithi ya kuambiwa. Ilibidi mwaka 2003 mfanyakazi wa usafi asimame mbele ya wanahisa wa benki ya HSBC na kumweleza mwenyekiti wao kwamba wanafanya kazi katika ofisi moja lakini wanaishi maisha mawili tofauti, ndipo suala la mshahara wa kutosha kuishi likaanza kusikika huko juu.

Mwanauchumi: Kombo, aliyepata hasara kubwa alikuwa tajiri. Kampuni ya Olympia & York ya Kanada ilimaliza mnara wa One Canada Square wenye urefu wa mita 235 mwaka 1991, ikafilisika mwaka uliofuata ghorofa nyingi zikiwa hazina wapangaji, na reli ya chini ya ardhi ya Jubilee haikufika mpaka mwaka 1999.

Mama Zuhura: Mwaka 1993, wakati tajiri huyo analiliwa magazetini, kata ya Millwall, humo humo kisiwani, ilimchagua diwani wa BNP, chama cha kuwapinga wahamiaji, kwa sababu wazungu maskini waliaminishwa kwamba Wabangladeshi ndio waliowanyima nyumba. Wakati huo LDDC ilikuwa ikiuza ardhi ya ufukweni kwa wajenzi wa nyumba za kifahari. Diwani yule alidumu miezi michache tu, lakini mimi nilipita mitaa ile na mtoto mgongoni, kwa hiyo usinifundishe hasara.

Kijana wa Ilford: Samahani Mama, nakubaliana nawe. Ila mie nina wasiwasi na soko la samaki la Billingsgate, lililohamishiwa Poplar mwaka 1982, kwani nasikia linataka kufungwa ili zijengwe nyumba. Nguru tutanunua wapi?

Fundi Kombo: Shirika la City of London, linaloendesha soko hilo, liliamua hivyo Novemba 2024. Cha ajabu ni kwamba ardhi ile ni mali ya halmashauri ya Tower Hamlets, na kodi inayotajwa katika mkataba ni samaki mmoja kwa mwaka.

Mwanauchumi: Asante sana, Kombo, umenimalizia kazi. Halmashauri inayopangisha ardhi kwa samaki mmoja ndiyo mliyotaka iachiwe bandari nzima?

Mama Zuhura: Eneo la minara yako lilisamehewa kodi ya majengo kwa miaka 10 kuanzia mwaka 1982, na pengo likazibwa na hazina ya taifa, yaani na kodi ya Kombo na mimi. Wao hata huyo samaki hawakutoa.