Watoto wa Ngamiani 🌊 Safari ya Disemba

IJUMAA

Rehema (Houston): Assalaam alaykum. Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Naomba swali la leo mnijibu leo. Ni kabana ya CocoCay, kile kibanda cha kukodi ufukweni kwenye kisiwa cha Bahamas. Jana ilikuwa dola 699, asubuhi hii naona 749. Tukizidi kunyamaza na yenyewe inazidi kupanda.

Rehema (Houston): Kwa aliyesahau: Jumatatu ile ya Disemba meli inatoka Miami, Jumanne asubuhi tunashuka kisiwani, saa kumi jioni wote tuwe tumeanza kurudi. Kisiwa kile kina gati, meli inafunga pale pale. Bibi hatapandishwa boti, hatashikwa mikono na mabaharia. Anatoka mlangoni anatembea, au anasukumwa.

Rehema (Houston): 749 ni kabana nzima, si kwa kichwa. Watu wanane. Ina paa, makochi, viti vya kulalia, taulo, kisanduku cha barafu na maji, miwani ya kutazamia samaki, na mhudumu wake. Chakula cha kisiwani kipo kwenye tiketi, uwe na kabana usiwe nayo.

Rehema (Houston): Kura nimeshaweka. Ni kugusa tu.

*[KURA: Kabana ya Bibi. Ndiyo 1. Hapana 0. Nitasema baadaye 3]*

Juma (Minneapolis): Walaykum salaam Da Rehema. Kwa 749 kibanda unaondoka nacho au unawaachia? 😂

Rehema (Houston): Juma, si leo.

Juma (Minneapolis): Nimepiga hesabu, inakaribia milioni mbili. Hiyo Pongwe wananipa kiwanja, na mwembe juu.

Mwanahawa (Tanga): 😂😂😂

Ba'mkubwa Bakari (Muscat): Waalaykum salaam wanangu. Mimi siendi ila naomba niseme. Kwanza, Bahamas haimo ndani ya Karibiani. Ile ni Atlantiki.

Juma (Minneapolis): Mjomba!! Kumbe tumeuziwa bahari siyo. Nadai changu.

Ba'mkubwa Bakari (Muscat): Jina la kisiwa hicho tangu zamani ni Little Stirrup Cay. CocoCay ni jina la watu wa meli. Jirani yake, Great Stirrup Cay, ana mnara wa taa wa mwaka 1863. Sisi tulikuwa tukipita mlango wa Northwest Providence usiku, taa ile ndiyo unayoitafuta. Ukiiona unajua uko wapi.

Juma (Minneapolis): Mjomba ulipita ikiwa mpya?

Ba'mkubwa Bakari (Muscat): Nitakuchapa kwa simu.

Rehema (Houston): Ba'mkubwa ahsante. Jamani kabana.

Rehema (Houston): Kassim. Salma. Shangazi. Naona mmesoma.

Rehema (Houston): Nawaeleza kwa nini naikazania. Bibi hawezi kukaa juani toka saa mbili mpaka saa kumi. Pili, Bibi havui baibui mbele ya watu, na sisi wengine tuna nguo zetu za stara ila tunataka mahali pa kujifuta na kubadili bila kutazamwa. Tatu, sala. Siku zikifunga meli mbili kwenye gati ile, wanashuka watu maelfu. Bibi ataswali wapi, katikati ya viti vya watu waliolala na chupi?

Juma (Minneapolis): Da Rehema hii nimekubali. Kweli kabisa.

Ba'mkubwa Bakari (Muscat): Mko safarini. Kusanyeni Adhuhuri na Alasiri mkirudi melini. Kibla kutoka huko ni kaskazini mashariki, msije mkaelekea kaskazini moja kwa moja mkadhani mko Tanga.

Mwanahawa (Tanga): Bibi anauliza huko kuna chaza?

Rehema (Houston): Mwambie Bibi tutaona. Mwanahawa, usimweleze ya bei.

Mwanahawa (Tanga): Ameshasikia. Simu iko kwenye spika.

JUMAMOSI

Rehema (Houston): Sabalkheri. 769.

Rehema (Houston): Siwatishi, nimetuma picha. Sikilizeni, nimeuliza watu waliokwenda: unalipia sasa, ukighairi kabla ya safari hela inarudi. Bei ikishuka huko mbele unaghairi unakata upya kwa bei ya chini. Na upepo ukiwa mbaya meli ikashindwa kufunga gati, hela ya kabana inarudishwa. Kwa hiyo kushika nafasi leo hakuna hasara. Hasara ni zikiisha.

Ba'mkubwa Bakari (Muscat): Hilo la upepo mlichukulie maanani. Disemba hadi Machi baridi inashuka kutoka bara la Marekani, upepo unageuka unakuja wa kaskazini, bahari inavimba. Nahodha akiona gati si salama anapita, hata kama mna kabana kumi. Na maji ya mwezi huo yana ubaridi. Si maji ya Raskazone.

Rehema (Houston): Ba'mkubwa, Bibi haogi. Bibi anataka kukaa aione bahari na wajukuu wakiwa ndani yake.

Mwanahawa (Tanga): Bibi anasema nani kamwambia haogi?

Juma (Minneapolis): 😂😂😂😂 Mkatieni Bibi na tiketi ya mteremko wa maji. Ule mrefu una mita 41!

Salma (London): Samahanini, nilikuwa zamu ya usiku. Shikamooni. Da Rehema, kivuli ni lazima, siyo anasa. Bibi yuko kwenye kidonge cha presha kile cha kumtoa maji. Jua na kidonge hicho havipatani, anaweza kuishiwa nguvu ghafla. Maji awe anakunywa kila mara, na asiachwe peke yake hata kidogo.

Salma (London): Na magoti. Pale wana viti vya magurudumu mapana vya mchangani, havilipiwi, ila anayewahi ndiye anapata. Kuna na vigari vinavyozunguka kisiwa bure. Mtu mmoja ashuke mapema akachukue kiti.

Rehema (Houston): Salma Mungu akubariki. Mmemsikia muuguzi. Kumi na wanne tukigawana 769 ni kama dola 55 kila mtu. Watoto nawatoa, basi wakubwa tisa, 85 na kitu. Nitumieni leo. Namba yangu ya Zelle ni ile ile.

Shangazi Mwanaidi (Columbus): Rehema.

Rehema (Houston): Shikamoo Shangazi.

Shangazi Mwanaidi (Columbus): Marahaba. Kabana ya watu wanane. Sisi kumi na wanne. Hao sita watakuwa nani?

Rehema (Houston): Shangazi, vijana watakuwa majini muda wote. Tutapokezana.

Shangazi Mwanaidi (Columbus): Kwenye ile arusi ya Ushongo pia mlisema kupokezana.

*[Juma ametuma picha ya mbuzi amevaa miwani ya jua]*

Juma (Minneapolis): Huyu ndiye mhudumu wa kabana 😂

Shangazi Mwanaidi (Columbus): Juma toa hiyo picha, naongea.

*Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Mwanaidi (Columbus): Ushongo tulichanga wote sawa kwa sawa. Waliolala ndani wanajulikana na waliolala barazani wanajulikana. Huyo Juma anayecheka hapa na Salma walikuwa watoto, asubuhi nyuso zimevimba kwa mbu. Na ziliporudi zile pesa za nyumba ya pili mimi sikuona shilingi. Sikusema kitu kwa sababu ilikuwa arusi. Sasa naambiwa niweke tena 85.

Rehema (Houston): Shangazi, zile za nyumba ya pili hazikurudi zote. Kassim anajua.

Rehema (Houston): Kassim anajua, maana yeye ndiye aliyezipokea.

Rehema (Houston): @Kassim

Ba'mkubwa Bakari (Muscat): Jamani taratibu. Haya ni ya miaka hiyo.

Shangazi Mwanaidi (Columbus): Kaka, kwa aliyelala ndani ni ya miaka hiyo.

Juma (Minneapolis): Mama mimi nilishawasamehe wale mbu.

Salma (London): Juma acha.

Salma (London): Mama ana haki. Nalikumbuka baraza lile. Da Rehema, simkatalii Bibi kivuli, nimekwisha kusema ni lazima. Ila ukisema wakubwa tisa walipe na nafasi ni nane, hesabu yenyewe inamtoa mtu.

Rehema (Houston): Basi kabana mbili. Zitakuwa dola elfu moja na mia tano. Nani yuko tayari?

Rehema (Houston): Naona watu wanane mko mtandaoni.

Rehema (Houston): Hakuna.

Salma (London): Kuna njia nyingine. Viti na miavuli ya ufukweni kule havilipiwi. Tukishuka wa mwanzo, tukapanda kigari mpaka South Beach, kule mwisho kumetulia kidogo. Tunapanga viti vyetu kumi na vinne pamoja, tunafunga kanga kwenye miavuli, Bibi anapata stara yake.

Rehema (Houston): Salma, mwavuli mmoja kwa mtu mwenye kidonge cha presha? Si umesema mwenyewe? Jua linageuka, saa sita kivuli kiko kwingine. Na kumtoa Bibi kitandani alfajiri siku ya mapumziko mimi siwezi.

Mwanahawa (Tanga): Bibi anaamka saa kumi alfajiri kila siku da Rehema.

Ma'mdogo Tatu (Dar): 🙏🏽

Rehema (Houston): Ma'mdogo, hiyo ni ndiyo au hapana?

JUMAPILI

*[Mwanahawa ametuma ujumbe wa sauti, 2:36]*

Mwanahawa (Tanga): Ni Bibi. Amesema walio kazini wasiosikiliza niwaandikie kama alivyosema, nisipunguze. Haya:

"Assalaam alaykum wanangu na wajukuu zangu. Nimesomewa yote toka juzi. Rehema, najua unanipenda, tangu mdogo ukitaka jambo hulali. Allah akulipe. Lakini mimi kwenye kivuli cha watu wanane sikai, wa tisa akiwa juani. Sijalea hivyo. Nyumba ya Ngamiani ilikuwa vyumba viwili na hakuna aliyelala nje, tulibanana. Kama hakitoshi wote, mnitandikie mkeka hao waliobaki walipo. Mwanaidi, nimekusikia mwanangu. Ulipolala barazani mimi nilikuwa ndani na sikujua, na aliyejua hakuniambia. Kassim, zile pesa useme zilikwenda wapi. Usiniambie mimi, mwambie shangazi yako. Rehema, leo umpigie simu, si humu kwenye maandishi. Mkishamaliza hayo ndiyo mniite baharini. Mimi bahari naijua, hainikimbii."

Ba'mkubwa Bakari (Muscat): Tumekusikia Mama.

Salma (London): Tumekusikia Bibi. Shikamoo.

Juma (Minneapolis): Shikamoo Bibi. Tumesikia.

Ma'mdogo Tatu (Dar): 🙏🏽🙏🏽

Rehema (Houston): Nimekusikia Bibi. Nampigia sasa hivi.

Rehema (Houston): Nimeongea na Shangazi.

Shangazi Mwanaidi (Columbus): Amepiga. Tumeongea. Yaliyobaki ni ya Kassim.

Rehema (Houston): Tumefikia hapa. Kabana moja nimeishika kwa kadi yangu, sitaki hela ya mtu kwa sasa. Si ya watu wanane, ni ya kuwekea vitu, kubadilishia nguo na kuswalia kwa zamu. Viti vya bure tutapanga mbele yake wote kumi na wanne. Kama ufukwe ule hauruhusu kupanga hivyo, naighairi na tunakwenda South Beach na kanga kama alivyosema Salma. Nitauliza kwa simu kesho.

Shangazi Mwanaidi (Columbus): Na Mama akae wapi?

Rehema (Houston): Atakapotaka, Shangazi.

Ba'mkubwa Bakari (Muscat): Chukueni na kamba nyembamba. Kanga bila kamba upepo ule utaipeleka Florida.

Juma (Minneapolis): Mimi nashuka wa kwanza kuchukua kiti cha magurudumu. Hili andikeni, sifanyi utani.

Salma (London): Nimeandika. Sasa kuna jambo linanikosesha raha. Visa ya Bibi ya Marekani ni ya kuingia mara ngapi? Meli ikitoka Miami ametoka Marekani. Kurudi siku ya mwisho ni kuingia upya. Mwanahawa, kwenye visa tazama palipoandikwa Entries. Ikiwa M ni mara nyingi. Ikiwa ni mara moja tu, itabidi tuwaulize watu wa meli na wa uhamiaji kabla hatujalipa salio.

Rehema (Houston): Salma kwa nini hukusema hili mwezi uliopita?

Salma (London): Mwezi uliopita mlikuwa mnachagua rangi ya fulana.

Mwanahawa (Tanga): Pasipoti haiko huku. Ilibaki Dar kwa Ma'mdogo Tatu tangu siku ile ya ubalozini.

Rehema (Houston): Ma'mdogo shikamoo. Upo? Tunaomba picha ya ukurasa wa visa.

Rehema (Houston): Ma'mdogo naona umesoma.

Kassim (Toronto): Jamani ndiyo naona sasa, nilikuwa njiani. Shikamooni. Shangazi nitakupigia.

Shangazi Mwanaidi (Columbus): Marahaba. Simu iko wazi.

Kassim (Toronto): Da Rehema, kwani tarehe ni ngapi?

Rehema (Houston): Kassim panda juu usome.

Ma'mdogo Tatu (Dar): Marahaba mwanangu. Niko kwenye daladala Mbagala, foleni. Nikifika natazama.