Je, nikubali nafasi ya Gera?

Wakubwa zangu, shikamooni. Nimepata nafasi ya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi ya Ujerumani, uuguzi wa wazee, mji wa Gera kule jimbo la Thuringia, Ujerumani Mashariki ya zamani. Kaka yangu amesoma habari za AfD, chama cha mrengo wa kulia kinachopinga wageni, na ananiambia nisithubutu. Mnaoishi huko mnasemaje? Hawa watu tumewakosea nini?
— Mdogo wenu, Machakos

Marahaba mdogo wangu. Hesabu za kaka yako ni sahihi: Septemba 2024 AfD iliongoza uchaguzi wa jimbo kwa asilimia 32.8, na Februari 2025, ule wa taifa, Thuringia ikawapa 38.6. Lakini kura hizo na nafasi yako ni mapacha. Baada ya Ujerumani mbili kuungana 1990, Treuhand, shirika la serikali, liliuza au kufunga maelfu ya viwanda vya Mashariki. Gera ilikuwa na watu zaidi ya 130,000. Leo hawafiki 100,000. Waliofunga virago ni vijana, wasichana hasa. Wazee wakabaki, na wa kuwaogesha hayupo. Ndiyo maana Ruto alikwenda Berlin Septemba ileile ya 2024, mkataba wa wafanyakazi ukatiwa saini.

Nina mzee mmoja zamu ya usiku, alichimba urani kwenye migodi ya kampuni ya Wismut. Taa yake ya mgodini iko juu ya kabati, naifuta vumbi kila Ijumaa. Binti yake yuko Stuttgart, kule Magharibi. Karatasi ya kura ya posta ilipofika aliniomba miwani, akatia alama kwa AfD nikiwa nimesimama palepale, akasema, “Si wewe,” kisha akanyoosha mguu nimvue soksi.

Nilimvua.
— Dada yenu, Gera

Dada, pole. Ila mimi viwanda vilivyofungwa havinitoshi. Niko Baden-Württemberg, jimbo la Magharibi, kwenye magari na pesa, na hapa pia Februari 2025 AfD walipata karibu asilimia 20. Jirani yangu hajawahi kukosa kazi hata siku moja. Kinachomkera ni wakubwa wa Berlin kumwambia apashe nyumba yake joto kwa mtambo gani. Na tusisahau, chama chenyewe kilianza 2013 kwa wachumi waliokataa Ujerumani iibebe Ugiriki na madeni yake. Wageni tulikuja kuwa wimbo wao mkuu baada ya 2015.
— Kaka, Stuttgart

Kweli kaka. Hata mzee wangu pensheni hailalamikii. Analotaja usiku ni kwamba majaji, maprofesa, mabosi, karibu wote wanatoka Magharibi, na yeye hakuna aliyemuuliza kitu tangu mgodi ufungwe.

Mdogo wangu, njoo na Kijerumani cha B2, ngazi ya kati ya juu, kilichoiva, wazee huku wanaongea lahaja. Ulizia kama kuna wanafunzi wengine wageni kwenye nyumba hiyo ya wazee utakayofanyia kazi. Ukiwa peke yako utachoka. Jumatatu jioni kuna maandamano mjini, fanya manunuzi yako siku nyingine.
— Dada yenu

Asanteni sana. Nimetuma fomu. Kaka yangu anauliza kama wanachukua na wanaume.
— Mdogo wenu