Mjadala: Mwenye deni "anashitakiwa" au "anadaiwa"?

Ndugu zangu wa Kusini, juzi kwenye kahawa pale Mikindani mzee mmoja alisema tuache kuwachanganya watu: "kushitaki" ni neno moja, linatosha kwa mwizi na kwa mwenye deni.

Kwa asili ya neno, mzee yuko sahihi. Limetoka kwenye Kiarabu, ishtaka, na huko maana yake ni kulalamika, kumpelekea mtu kilio chako. Ndiyo maana mtoto akichokozwa husema "nitakushitaki kwa mama", na hakuna anayewaza polisi. (Wanaolihusisha na "shaka" wanakosea, mizizi ni miwili tofauti.)

Lakini neno halikubaki pale. Mahakamani leo limehamia kwenye jinai, yaani makosa ya uhalifu: hati ya mashtaka, mshtakiwa kizimbani. Mkurugenzi wa Mashtaka, anayesimamia kesi za jinai za serikali, hahangaiki na deni la mtu. Kesi ya madai ina maneno yake, mdai na mdaiwa. "Kudai" nalo ni la Kiarabu, mzizi mmoja na "dua", yaani kuita.

Nalisema hili kwa uchungu. Shangazi yangu kule Tandahimba alikopa mifuko miwili ya salfa (dawa ya kupulizia), mikorosho ikazaa vibaya, akashindwa kulipa. Aliyeleta samansi, karatasi ya wito wa mahakama, alisimama uani akasema, "Mama, umeshitakiwa." Shangazi hakuitazama ile karatasi. Alifunga kanga zake, akapanda basi la alfajiri kwenda kwa binti yake Lindi, akijua pingu zinamfuata. Tarehe ikapita, shauri likasikilizwa upande mmoja, akashindwa. Karatasi niliikuta chini ya mkeka, nikaisoma mara mbili: imeandikwa "mdaiwa". "Shitaki" halimo popote.

Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nami nilifurahi sana, ingawa Mahakama ya Mwanzo ilikitumia tangu zamani. Kwa shangazi Kiswahili cha karatasi kilikuwa sawa. Kilichomponza ni cha mdomoni.

Mzee anasema watu wafundishwe asili ya neno. Mama aliyesimama uani na unga mikononi atafundishwa saa ngapi? Mimi nataka anayepeleka samansi atamke neno lililoandikwa: "Mama, unadaiwa, unaitwa ukajieleze tarehe fulani."

Wa Newala, Masasi na Nachingwea, huko kwenu wakija na samansi ya deni wanasemaje?