Suez au kuzunguka Rasi: hesabu inakaaje?

Wakuu, napanga makontena ya vipuri, Singapore hadi Rotterdam. Kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, badala ya kupita Mfereji wa Suez kunaongeza maili za baharini kama 3,500. Mbona meli zilikubali hasara hiyo?

Jibu: Mkuu, usitazame mafuta peke yake. Mashambulizi dhidi ya meli kwenye Bahari ya Shamu, njia ya kufika Suez, yalipoanza mwishoni mwa 2023, bima ya vita (ya kupita eneo la hatari) ilipaa. Na ada ya mfereji kwa meli kubwa ni mamia ya maelfu ya dola.

Jibu: Kinachouma ni zile siku 10 hivi za ziada. Ili meli itoke kila wiki, unahitaji meli zaidi kwenye njia hiyohiyo. Ukikimbiza ufidie, mafuta yanaliwa vibaya mno.

Muulizaji: Aisee, meli za ziada sikuzihesabu kabisa! Na mtaji wangu nao unalala baharini siku zote hizo. Narudi kwenye karatasi.