Mjadala: shule za bweni za watoto wa mtaani, tujenge zingine ama tuwarudishe nyumbani?

Wadau naona tunabishana hapa juu ya ule mkakati wa serikali ya Kenya wa 2022 hadi 2032, eti makao ya watoto yapungue na mtoto alelewe kwa familia. Wanaopinga wote wanataja Starehe, Starehe, Starehe, ile shule ya bweni ya Nairobi iliyoanza kwa kuokota vijana wa mtaani. Sawa, lakini hebu tuangalie ilianzaje.

1959, hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau haijaisha, wazazi wengi wako vizuizini ama wamekufa, vijana wamejaa Nairobi hawana kwao. Geoffrey Griffin, aliyekuwa ametoka kushughulika na vijana waliozuiliwa kambi ya Wamumu, na wenzake Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu wakaanza na vibanda viwili vya mabati. Wangewarudisha wapi? Na hawakukomea kwa chakula na godoro, walijenga shule, hadi wenye uwezo wakawa wanalipa karo kulala bweni moja na yatima asiyelipa kitu, na kulikuwa na baraza mwanafunzi anasimama anamlalamikia mkurugenzi uso kwa uso. Hiyo baraza ndiyo mnasahau. Makao mangapi mnayoyajua mtoto anaweza kufungua mdomo akidhulumiwa na mlezi, na mfadhili ndiye amekaa mbele?

Sasa leo. Juzi pale Muthurwa kijana wa miaka kama kumi, chupa ya gundi inaning'inia mdomoni, anambebea mama mboga gunia la sukuma apate ishirini. Nikamuuliza kwenu wapi, akasema Kangundo, nyanya yuko, mama alienda akapotea. Huyu mnampeleka bodingi ya nini? Nyanya akiingizwa kwa Inua Jamii, ile pesa serikali inawapa wazee na walezi wa yatima, shilingi 2,000 kwa mwezi, ndogo najua na saa zingine inachelewa, pamoja na sare na chakula cha shule, huyu anarudi.

Asiye na nyanya ndiye wa bweni. Mimi sipingi bweni kabisa, napinga kujenga kwanza halafu tunatafuta watoto wa kujaza vitanda ndio wazungu watume pesa, na msiniambie haifanyiki.

Kwa hivyo wale mnaotaka zingine zijengwe, nijibuni moja tu: shule ikifunga Disemba, huyo mtoto analala wapi na nani anamlisha?