Naombeni ushauri: nimtoeje mwanangu deikea bila kugombana na mwenye kituo?

MamaWawili_K
Salaam wakuu. Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda, leo limenifika.

Nina binti wa miaka mitatu na nusu. Kazi yangu iko Posta, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri niwahi mwendokasi wa Kimara, na kurudi ni saa mbili usiku. Mchana mtoto anashinda kituo cha kulea watoto cha hapo mtaani, mwaka wa pili huu.

Zamani nikibisha hodi tu anakuja mbio, ananing'ang'ania miguu hata mkoba sijautua. Sasa ni mwezi mzima namkuta kalala kwenye kochi. Namwamsha ale, anafumbua macho, ananitazama kama hanijui, analala tena mpaka alfajiri. Siku za kazi tu. Jumamosi na Jumapili ninaposhinda naye anaruka, anaimba, hata usingizi wa mchana hautaki. Jumapili usiku nikitoa sare anaanza kulia, tena kulia bila sauti, machozi yanamtoka tu.

Nataka kumhamisha. Nimwambie nini mwenye kituo asinune wala asihisi kuna jambo?

Fundi Seremala
Dada nitakwambia ukweli. Mtoto anamwona mama yake usiku tu, na usiku wenyewe kalala. Acha kazi ulee mwanao. Mama zetu walitulea bila deikea na tukakua.

Bi Mkubwa wa Makorora
Wewe Fundi, mama yako alikuwa na bibi, shangazi na majirani ua mmoja. Huyu wa Dar amwachie nani, ukuta?

Mwanangu, mimi yalinikuta nikiwa na dada wa kazi, si kituo. Siku moja nilisahau miwani, nikarudi nyumbani saa nne. Nikamkuta mjukuu wangu kafungwa khanga kiunoni, ncha ya pili imefungwa kwenye mguu wa kitanda, yule binti yuko nje anasukwa. Nilivyomuuliza akasema, "Bibi, hivi ndivyo hatoki." Hakuwa hata na aibu, kwake ilikuwa njia ya kumaliza kazi. Mpaka leo nikiona khanga ile kabatini moyo unanidunda. Yule mtoto sasa yuko kidato cha pili, mrefu kunipita, lakini mlango ukifungwa kwa nje hakai chumbani.

Kijana wa Kiwalani
Sababu rahisi, sema umefukuzwa kazi. Mimi nitavaa tai nije kukufukuza mbele yake, bei maelewano.

Nesi wa Zamu
Kijana, utani uweke pembeni kidogo.

Dada, mtoto anayechangamka wikendi na kulegea siku za kituo tu, mimi nafikiria dawa kwanza. Kuna dawa za mafua na mzio za maji, watu wote tunazijua, zinaleta usingizi. Baadhi ya walezi wanawapa watoto wazima wasio na mafua ili chumba kitulie. Zikizidi, kwa mtoto mdogo zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kupunguza kasi ya kupumua. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya tangu 2008 kwamba dawa za mafua na kikohozi za kununua bila cheti asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, na mle kituoni bila shaka wapo wa umri huo.

Nina maswali mawili. Mdomo wake unakuwa mkavu usiku, anaamka na kiu kali? Na umemuuliza mwenyewe anapewa nini?

MamaWawili_K
Ahsante nesi. Kiu ndiyo, anamaliza kikombe bila kupumua. Ila sidhani kama ni mambo ya dawa, labda anacheza sana anachoka. Naombeni mnisaidie swali langu la kuaga.

Nesi wa Zamu
Hujajibu la pili.

MamaWawili_K
Sawa. Wiki mbili zilizopita alisema "shangazi anatupa tamu ya kulala". Nikadhani ni juisi.

Halafu Ijumaa nilikuwa nakung'uta begi lake nifue, kikadondoka kijiko cha plastiki cha dawa, vile vyenye alama za vipimo. Si cha kwangu, nyumbani natumia bomba la sindano. Kilikuwa kinanata, na kwenye shimo lake kumeganda kitu cha waridi, kimeshika uzi wa sweta. Nilikinusa. Kinanukia stroberi.

Mwanasheria Uchwara
"Shangazi" ndivyo watoto wanavyowaita walezi hapo, au ni shangazi yake kweli?

Bi Mkubwa wa Makorora
Swali zuri hilo.

Baba Nadia wa Kisauni
Pole dadangu. Huku kwetu Mombasa twaziita beibikea, chumba kimoja, mama mmoja, watoto ishirini, na mzazi hana la kufanya kwa sababu hiyo ndiyo pesa aliyo nayo. Wangu alikuwa akirudi na nepi ile ile niliyomvisha asubuhi. Niliomba niwe naruhusiwa kuingia saa yoyote bila kupiga simu kwanza. Nikakatazwa, nikamtoa siku hiyo hiyo.

MamaWawili_K
Ni shangazi yake. Mwenye kituo ni wifi yangu, dada wa mume wangu tumbo moja.

Nilijua nikisema mtaanza kunihukumu. Wifi yangu si mtu mbaya. Nilipojifungua huyu mtoto kwa upasuaji ni yeye aliyenikanda, aliyenipikia mtori, aliyelala chini sakafuni siku kumi na moja. Ana watoto ishirini na sita na msaidizi mmoja, binti wa miaka kumi na tisa. Huenda ni huyo binti anayefanya hivyo, wifi hajui. Nimeshapata kituo kingine, nimelipa nusu ya ada. Mwanangu akitoka yatakuwa yamekwisha, sioni haja ya kuvunja ukoo.

Nesi wa Zamu
Yatakuwa yamekwisha kwa wako. Na wale ishirini na tano?

Fundi Seremala
Kweli kabisa. Ndiyo maana nilisema mama akae nyumbani.

Bi Mkubwa wa Makorora
Fundi, mwanangu, kaa wewe nyumbani basi.

Mpekuzi Makini
Wadau, mnapoteza muda. Hii ni chai. ID imefunguliwa jana usiku, eti "msomaji wa muda". Vituo hivi hufungwa jioni, mama anarudi saa mbili, mtoto anamkuta "kwenye kochi". Kochi la nani, aliyemfungulia mlango nani? Mwanzo ni "kituo cha mtaani" kama hamjui mwenyewe, baadaye ni wifi, kesho atakuwa mama mkwe. Na kwenye jina ni mama wa wawili, mbona tunasikia mmoja? Mtu anatunga apate kurasa.

Kijana wa Kiwalani
Hata mimi la kochi lilinitatiza, nikadhani sijasoma vizuri.

Mwanasheria Uchwara
Inawezekana ni chai. Ila kijiko kimeshika uzi wa sweta, mtu hatungi hivyo. Na hata kama katunga, yupo mzazi anasoma hapa kimya na kwake si hadithi. Mimi nitajibu kama ni kweli.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Haijamtoa wifi, haijamtoa shemeji. Kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa kupitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Je, cheti kimebandikwa ukutani?

MamaWawili_K
Mpekuzi, ID nimefungua jana kwa sababu ile nyingine mume wangu anaijua. Kochi ni la kwangu. Kituo kiko kwenye vyumba viwili vya mbele vya nyumba yetu. Jioni wifi anapita mlango wa uani, anamlaza mtoto kochini, kaka yake wa darasa la sita anabaki naye mpaka nirudi. Huyo ndiye wa pili. Nilificha kwa sababu ukitaja nyumba mtu wa mtaa wetu anatujua mara moja.

Cheti hakuna. Maombi alisema yako njiani tangu mwaka jana.

Na kodi ya vile vyumba ndiyo inayolipa ada ya huyo mkubwa. Mume wangu ni dereva wa lori, akiwa safari ya Tunduma na kuvuka hukaa wiki tatu. Nikikifunga kile kituo nimefunga shule ya mwanangu mwingine, na nimemfukuza dada yake kwenye nyumba ya kaka yake, na yeye hayupo. Semeni nyinyi mngefanya nini.

Mpekuzi Makini
Kama ni hivyo nakuomba radhi dada. Nimeona hadithi nyingi za uongo humu. Lakini bado hujasema yote, naona kama kuna kitu unakizunguka.

MamaWawili_K
Mama mmoja alinifuata, mwezi umepita. Akaniambia mwanawe wa kiume anarudi nyumbani kalewa usingizi, akaniuliza kama mwenye nyumba nimeona lolote. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama kituo hakimfai ahame, asituharibie jina. Akahama. Nilikuwa nimeshaanza kuona usingizi wa wangu siku hizo.

Bi Mkubwa wa Makorora
Oh, mwanangu.

Afisa Ustawi Mstaafu
Nimesoma uzi wote kabla ya kuandika. Nilifanya kazi hii miaka mingi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulionyesha karibu robo tatu ya vijana wa kike na wa kiume waliwahi kufanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18, na wanaotajwa sana ni ndugu na walimu. Kwa hiyo wifi aliyekukanda na wifi anayelewesha watoto anaweza kuwa mtu mmoja. Mema yake ni ya kweli, na hili pia ni la kweli.

Kesho mtoto asiende. Kijiko usikioshe, kitie kwenye bahasha safi, andika tarehe uliyokikuta. Mpeleke mtoto hospitali umweleze daktari kama ulivyotueleza hapa. Maneno yake yaandike alivyoyasema, "tamu ya kulala", usimuulize tena na tena wala usimpe maneno ya kusema. Piga 116, ni Simu kwa Mtoto, hulipi, wanaunganisha na ustawi wa eneo lako. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, watakupa PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Mtoto akizidiwa, hospitali kwanza, fomu itafuata.

Usimwonye wifi kabla. Najua inauma. Ukimwonya, chupa zitatoweka asubuhi na watoto wataendelea kupewa kwa siri zaidi. Na huyo binti wa miaka kumi na tisa usimtupie mzigo, peke yake na watoto kumi na tatu huyo naye anahitaji kusikilizwa.

Baba Nadia wa Kisauni
Namba hiyo hiyo 116 hata huku Kenya. Mimi niliipiga nikiwa nimeshamtoa wangu. Nilichelewa.

Fundi Seremala
Dada, nilikosea kuanza na lawama. Kama iko upande wa Ubungo nina pikipiki, naweza kumpeleka mtoto hospitali, bila malipo.

MamaWawili_K
Ahsante kaka, mdogo wangu anakuja.

Leo sijaenda kazini, nimesema naumwa. Mtoto nimelala naye chumbani, nimefunga mlango. Wifi kagonga mara mbili kuuliza mbona sijamleta, nimemwambia ana homa. Mume wangu sijampigia.

Nimepiga 116 saa tatu na robo. Amepokea mama mmoja mpole, hakunikaripia. Kaniuliza nyumba iko wapi, kaniuliza majina, kisha akauliza mle ndani sasa hivi kuna watoto wangapi. Nimesogeza pazia nikahesabu ndala zilizopangwa barazani, pea moja moja. Nimemwambia kumi na tisa.